Mkwe wa Sauti ya Nne

Siku tulipomzika Apolonia, padri kijana aliyeletwa kutoka mjini alisimama mbele ya jeneza akasema marehemu alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, mwenye maneno machache. Nilikohoa mpaka watu wakageuka. Nilikuwa jirani yake tangu tukiwa wote na meno kamili, na siwezi kuvumilia uongo wa namna hiyo, hata ukisemwa kanisani.

Apolonia, ambaye Lyangile nzima tulimwita Mama Severina, aliumbwa na sauti kubwa kuliko mwili wake. Akimwita mbuzi wake bondeni, mbuzi wa kijiji cha pili nao walikuja. Mumewe Gideoni alikwenda kuchuma chai Mufindi akarudi na kikohozi, na kikohozi hicho kikamzika yeye wakati binti yao bado anatambaa. Aliachiwa binti huyo, Severina, na shamba la mianzi nyuma ya nyumba. Yeye alimlea binti, mianzi ikawalea wote wawili. Masika yakifika alikata machipukizi ya mwanzi asubuhi na jioni, ulanzi ukadondoka polepole ndani ya vikombe virefu vya mwanzi, na kesho yake ukishachacha wanaume wa Lyangile walipoteza njia ya kwenda nyumbani kwao. Nyumba yake ilikuwa karibu kabisa na kanisa. Padri Ambrosi, paroko wetu wa siku zile, alihubiri dhidi ya ulanzi ule Jumapili nyingi, na kila alipomaliza kuhubiri watu walitoka na kiu.

Wanasema ulimi hauna mfupa. Wa Mama Severina haukuwa na mlango pia. Severina alipoolewa, bwana harusi alikuwa Liberatus, fundi seremala, Mbena wa upande wa Njombe, mrefu, mkimya, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya misheni yetu kisha akapata ajira Mbeya. Wajomba zake walikuja harusini na mitungi ya pombe ya mahindi. Walikuwa wametembea nayo juani kutwa nzima, na pombe nayo ilikuwa imetembea. Mama Severina akaonja, akatema, akasema mbele ya wageni wote:

"Hii hata nguruwe mfiwa hawezi kunywa."

Watu walianguka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, maana nilimwona kabisa yule nguruwe amekaa matangani. Wajomba hawakucheka. Waliinua mitungi yao, wakarudi walikotoka kabla ngoma haijapigwa. Asubuhi Liberatus alimpandisha mke wake kwenye lori la Mbeya, na kuanzia hapo Lyangile hakukanyaga mtu wa nyumba ile.

Mwaka uliofuata utingo mmoja wa lori alileta habari kwamba Severina amejifungua. Mama Severina akamshika shati.

"Mtoto gani?"

"Mtoto tu, mama."

"Wa kike au wa kiume?"

"Mimi nimeambiwa mtoto."

Wanaume hawajui kuuliza jambo. Severina mwenyewe hakuleta hata salamu, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kigumu kama cha aliyemzaa. Basi Mama Severina akawa bibi asiyejua ni bibi wa nani. Alijifanya hajali, akauza ulanzi na kutukana wateja kama kawaida. Lakini mara nyingine tukiwa kwenye mianzi alisimama na kisu mkononi, akaniuliza, "Yudith, unadhani sasa anatembea?" Ilimuuma.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini asipande lori akaenda Mbeya. Kwetu mama haendi nyumba ya mkwe wake bila kuitwa. Mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasemeshani, wala mkwe hathubutu kutamka jina la mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hiyo ndiyo heshima. Hulegezwa siku mkwe anapoleta jembe na kuku, wazee wakakaa, kuku akaliwa. Liberatus hakuleta jembe wala kuku. Alikuwa na hasira, na mila ikampa hasira yake koti zuri la kuvaa.

Mambo yalikaa hivyo mpaka mwaka wa hamsini na sita, tulipoambiwa Askofu mgeni angekuja mwezi wa Maria kutoa Kipaimara.

Padri Ambrosi alikuwa Mwitaliano mwenye ndevu nyekundu na ugonjwa mmoja tu, muziki. Akaamua kwamba Askofu asilakiwe kwa nyimbo za kila siku. Tungeimba utenzi wa Kilatini wa kumsifu Bikira Maria, na si kwa sauti ile moja tuliyoizoea, bali kwa sauti nne, kama ulivyopangwa na mtunzi mmoja wa Ulaya zamani sana, enzi Wareno wanajenga ngome yao Mombasa. Padri alituambia mtunzi huyo alipouandika machozi yalimtoka. Tulipoanza mazoezi yalitutoka sisi.

Wimbo wenyewe ulikuwa hivi. Sauti ya kwanza inaanza na maneno yake. Kabla haijafika popote, sauti ya pili inaingia na maneno yale yale, kisha ya tatu, kisha ya nne huko chini kabisa, kila moja ikirudia alichosema mwenzake, kama walevi wanaosimulia kesi moja.

"Baba Padri," Mama Severina aliuliza, "hawa wazee wa Ulaya hawakufundishwa kungojana?"

Lakini alikuwa ameshika sauti yake yote kwa kusikia mara chache tu. Yeye alikuwa sauti ya kwanza, na hilo halikuwa chaguo la Padri. Sauti ile walikuwa wapewe wavulana wa shule, na wavulana wa shule walipatwa na matubwitubwi, mashavu yakawavimba, hata Baba Yetu hawakuweza kuisema vizuri. Padri alizunguka kanisa siku nzima akinung'unika kwa lugha yake. Mwishowe akasema wanawake wataimba, ila nyuma, kwenye roshani, Askofu asiwaone. Mimi nilipewa sauti ya pili, ile sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia isipokuwa anayeiimba. Danieli, mpishi wa misheni, alikuwa sauti ya tatu. Sauti ya nne hatukuwa nayo. Kila mwanaume aliyejaribu alishuka kidogo, akakwama.

Ndipo Liberatus akashuka kwenye lori. Padri alikuwa amemwita kutengeneza kiti cha Askofu. Alikuja peke yake, na sanduku lake la randa na patasi, akapewa chumba misheni. Siku ya kwanza karakanani Padri alimsikia akiimba huku anapiga randa, akatoka mbio na kanzu imepandishwa mpaka magotini. Jioni tukaambiwa besi, mwimbaji wa sauti ya nne, amepatikana.

Mama Severina alipomwona mlangoni alijifunika kanga usoni akageukia ukuta. Liberatus akageukia ukuta wa pili. Padri akapiga kinanda. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Nini tena?" Padri akauliza.

"Baba Padri, hawa hawawezi," nikamwambia. "Mtu na mama mkwe wake. Huyu akisema, yule anajibu. Ni kama wanaongea."

"Si kuongea! Ni kuimba!"

"Wimbo huu kila mara huyu anatangulia na yule anamfuata na maneno yale yale. Kwetu hiyo ni zaidi ya kuongea. Hiyo ni kuoana."

Padri alikuwa amekaa kwetu miaka mingi na Kihehe alikijua vizuri, lakini alikuwa na tabia ya kuyajua mambo bila kuyakubali. Ilibidi aitwe Mzee Didas, katekista wetu, ambaye pia ndiye aliyekuwa msemaji wa wazee katika mambo ya mila. Mzee Didas alikwenda kukaa na wenzake kwa Mama Severina, ili shauri liwe na kitu cha kulainisha koo. Walilainisha mpaka jua likatua. Kisha akaja na hukumu.

"Kusema ni mtu kuwa na jambo, akalitoa, mwenzake akalielewa," alisema. "Sasa hiki Kilatini, anayekitoa hajui anatoa nini, na anayekipokea hajui amepokea nini. Hapo hakuna lililosemwa. Waimbe. Ila wasitazamane."

Padri alifungua mdomo kubishana, akaona ameshinda, akaufunga.

Basi tukatundika mkeka katikati ya roshani, Mama Severina upande huu, Liberatus upande ule. Padri hakuupenda. Kila akiutoa, Liberatus alishuka ngazi akarudi karakanani, na Padri alilazimika kuutundika tena kwa mikono yake. Mazoezi yakaendelea. Liberatus alikuwa na sauti, jamani, siwezi kumnyima haki yake. Ilitoka chini ya mbao za sakafu. Lakini Padri alipenda kuuliza maswali.

"Liberatus, unaingia baada ya nani?"

"Baada ya yule."

"Yule nani?"

"Yule wa juu."

"Ana jina! Sema jina!"

Liberatus alitazama viatu vyake mpaka Padri akachoka.

Nyuma ya mkeka Mama Severina alikuwa akitafuta njia. Alimtuma Danieli apeleke salamu kwa mkwe. Danieli akarudi na jibu: amesikia. Akamtuma tena na mbaazi zilizopikwa vizuri. Sufuria ikarudi tupu, imeoshwa, na jibu lile lile: amesikia.

"Si umtume Danieli amwambie unaomba radhi kwa ile pombe?" nikamshauri.

"Yudith, neno la msamaha halitumwi. Ukilituma linafika limekufa. Nilitukana kwa mdomo wangu, niombe kwa mdomo wa mpishi?"

"Basi mdomo wako umefungwa."

"Ndiyo ninachosema," alijibu. Na Liberatus alikwisha tangaza kwamba kesho yake baada ya Misa ya Askofu angepanda lori kurudi Mbeya. Nilimwona rafiki yangu amekonda shingo. Nilimhurumia, nikamkasirikia pia, maana nguruwe yule alikuwa wake mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha kumzaa.

Siku ikafika. Baridi ya mwezi wa tano ilikuwa imeanza, ukungu ulikuwa umelala juu ya mianzi. Askofu alikuwa mnene, mchangamfu, mgeni kabisa nchini, Kihehe hajui hata cha kuombea maji. Alikaa kwenye kiti cha Liberatus na kiti hakikulia. Watoto wakapakwa mafuta ya krisma. Wakati wa matoleo Padri alimwachia shemasi shughuli za madhabahuni, akapanda roshani anahema, akakaa kwenye kinanda chake cha kukanyaga, akatutazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

Tukaanza. Nitasema ukweli, tuliimba vizuri. Sijui ilikuwaje. Yale masauti yaliyokuwa yakikanyagana mwezi mzima siku ile yalipeana njia. Hata mimi nilijisikia. Nilimwona Askofu ameinua kidevu.

Karibu na mwisho wa wimbo kuna mahali ambapo sauti ya pili na ya tatu zinanyamaza. Yule mzee wa Ulaya alitaka hapo zisikike mbili tu, ya juu na ya chini. Ya juu inaimba kipande, ya chini inakirudia, kisha ya juu kipande kingine, ya chini inafuata, mpaka sisi wengine tunapoitwa tena. Nikafunga mdomo. Danieli akafunga wake. Mama Severina akavuta pumzi, akaanza sauti ile ile, noti zile zile, hakuikosea hata moja. Ila maneno hayakuwa Kilatini. Yalikuwa Kihehe.

"Pombe ya wajomba zako ilikuwa nzuri," aliimba. "Mimi nilikosa."

Mguu wa Padri uliteleza kwenye kinanda. Chini, kanisa zima likageuza shingo kuangalia juu. Mzee Didas, ambaye alikuwa ametoa hukumu kwamba kwenye wimbo huu hakuna linalosemwa, alishika kichwa.

Ilikuwa zamu ya besi, na besi hakuingia. Mwingine angekoma hapo, akafa kwa aibu. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mama Severina alirudia kipande kile tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka njiwa wakaruka kwenye paa.

"Nilikosa. Nilikosa mbele za watu, naomba mbele za watu. Nionyeshe mjukuu wangu."

Na mwanamke mmoja huko chini akaanza kulia, na mwingine akaanza kucheka, na Askofu akawatazama wote kwa furaha, akidhani ni ibada.

Kisha ikaja kutoka chini ya mbao. Ilikuja polepole, noti kwa noti, kama wimbo ulivyotaka. Alitakiwa kurudia maneno ya aliyemtangulia, ndiyo sheria ya wimbo. Hakuyarudia.

"Ni wa kike," Liberatus aliimba. "Severina alimpa jina. Jina siwezi kuliita. Namwita Mama."

Nilielewa kabla yake. Kanisa lilielewa kabla yake. Kulikuwa na jina moja tu duniani ambalo kijana yule hakuweza kuliita, na mke wake, kwa ukaidi au kwa mapenzi, sijui, alikuwa amempa mtoto jina hilo, na mwanaume huyu alikuwa ameishi na mtoto wake mwenyewe bila kumwita, kwa heshima ya mwanamke aliyewatukana wajomba zake. Hasira alikuwa nayo. Heshima pia hakuwahi kuivua.

Sauti ya kwanza ilikuwa zamu yake. Haikutoka. Mama Severina alikuwa amesimama mdomo wazi, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno. Ningeweza kumsaidia, lakini mimi ni sauti ya pili, na nilikuwa nalia.

Basi besi aliendelea peke yake, akaimba mwisho wa kile kipande ambao mtunzi alikuwa amempa noti nne ndefu, na kwenye noti zile nne akaliweka jina lote.

"A-po-lo-nia."

Hapo Padri alikanyaga kinanda kwa nguvu zote, akatuashiria tuingie, na mimi na Danieli tukaingia vibaya, kila mtu na njia yake, tukamaliza kama mzigo unavyodondoka kwenye lori. Baada ya Misa Askofu alitusifu. Alimuuliza Padri ni sehemu gani ile iliyowaliza watu.

"Hiyo ni sehemu ya toba, Baba Askofu," alisema Padri Ambrosi. Hakuongeza. Namsifu kwa hilo, ingawa ndevu zilikuwa zimelowa.

Wazee walikaa jioni ile ile. Mama mkwe amemsemesha mkwe, mkwe amejibu, na juu ya hayo amelitaja jina, tena mara moja tu lakini refu. Mama Severina akatozwa debe la ulanzi, ambalo wazee walilipokea kwa uchungu mkubwa na kulimaliza papo hapo. Liberatus akatozwa jembe na kuku, na akaambiwa mpaka kuku huyo aliwe mwiko uko pale pale, tena mzito kuliko zamani. Hakubisha. Kesho yake alipanda lori la Mbeya kama alivyosema, ila sanduku lake la randa na patasi aliliacha misheni.

Aliporudi tulikuwa barabarani watu wengi, kila mmoja akijifanya ana safari yake. Mzee Didas alikuwepo kulinda mila. Lori likasimama. Severina akashuka, amenenepa, akamkumbatia mama yake, wakagombana papo hapo kwa nini huyu hakuja na kwa nini yule hakuita. Liberatus alishukia upande wa pili wa lori, akabaki huko huko, amegeuza mgongo kama inavyotakiwa, jembe begani, kuku amefungwa miguu, mtoto mkononi. Akamweka mtoto chini.

Mtoto akazunguka gurudumu, miguu mifupi, kichwa kikubwa. Mama Severina akapiga magoti kwenye vumbi. Alikuwa ameandaa maneno wiki nzima, mimi nilisikilizishwa yote. Alipofungua mdomo ikatoka ile sauti yake ya kuitia mbuzi. Mtoto aliangua kilio, akageuka, akakimbilia kwa baba yake.

Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilimwona amebaki pale magotini, mikono imenyooshwa hewani.

Kutoka upande wa pili wa lori tukasikia sauti ile ya chini, bila kinanda, bila Kilatini.

"Apolonia. Nenda kwa bibi."

Mtoto hakwenda. Aliyekwenda ni bibi. Aliinuka, akapangusa magoti, akalizunguka lori mchana kweupe mbele ya kijiji kizima, akasimama uso kwa uso na mkwe wake, akamtazama machoni. Liberatus hakuingia majanini. Alimwinua mtoto, naye bado analia, akamweka mikononi mwa mama mkwe wake.

"Mama Severina!" Mzee Didas alipiga kelele. "Kuku bado! Kuku hajaliwa!"

"Basi mle mbichi," alisema, wala hakugeuka.